Mwezi Mmoja Aliouomba Orval Hinshaw

Talbert, California
Siku ya 9, Mwezi wa Pili, 1986

Shangazi Lavina,

Huku kwetu wote tunapumua. Baba alianguka kwenye ngazi akipogoa mlimau wa nyuma ya nyumba, hakuumia ila heshima. Mama anasema umwandikie umkemee, maana dada mkubwa ndiye peke yake anayemsikiliza. Mvua imenyesha wiki mbili na milima imekuwa kijani, hata zile pampu za mafuta kule juu zinaonekana kama ng'ombe wanaokula majani.

Nimepewa kazi na sina usingizi wa mchana wala raha ya chakula. Mwezi wa Kumi na Moja mji unatimiza miaka mia, na manispaa inataka kijitabu cha wasifu wake, kurasa nane, kitakachotumwa kila nyumba. Mkuu wangu wa ofisi, Bi. Trujillo, amenikabidhi mimi. Nilimwambia kuna watu wanaoandika vizuri kuliko mimi. Akasema sisi wa kanisa la Marafiki, au Wakweka kama anavyotuita, ndio tulioanzisha mji, basi Mkweka aandike. Nikamweleza kwamba mji una watu elfu sabini na Marafiki tuliobaki ni arobaini. Akanijibu, "Basi wahoji wote arobaini, utamaliza kabla ya chakula cha mchana."

Nimeandika sentensi ya kwanza mara kumi na nne. Nyumba elfu ishirini zitaisoma, Shangazi. Nikikosea jina la mtu atakuja dirishani kwangu, na dirisha langu ndilo la kwanza ukiingia. Unakumbuka nini cha Talbert ya zamani? Nisaidie.

Mpwa wako mwenye hofu,
Ansel


Iowa
Siku ya 23, Mwezi wa Pili, 1986

Ansel mwanangu,

Theluji imefika kwenye kingo za madirisha na mimi niko mzima. Maktaba wamenistaafisha kwa keki kubwa kuliko mimi, bado naila. Baba yako nimemwandikia kando. Nimemkumbusha kwamba alianguka kwenye mti huohuo akiwa na miaka tisa, na kwamba mti haujabadilika.

Unataka Talbert ya zamani. Andika kwamba ilinukia. Malimau yalipochanua ungeweza kufumba macho ukatembea kutoka nyumba ya mkutano, tulimosali, mpaka kituo cha treni kwa pua tu. Andika kwamba hati za viwanja vya kwanza zilikataza pombe, na kwamba Jumamosi wanaume kadhaa waliojulikana na kila mtu walikuwa wakienda mji wa jirani "kutazama farasi," na hakuna hata mmoja aliyewahi kununua farasi. Andika kwamba mtu akikuuzia kiti alikutajia bei moja na hakushuka, na kwamba mahakamani hatukuapa, kwa sababu mtu anayesema kweli kila siku haapi siku moja. Andika pia kwamba tulikuwa watu wa kuchosha kidogo. Mkutano mmoja wa kuchagua rangi ya mlango ulichukua majira matatu, kwa kuwa hatupigi kura bali hungoja mpaka wote wawe radhi, na mlango ukabaki bila rangi.

Azima vitabu vya kumbukumbu za mkutano. Viko katika kabati la chumba cha wanawake, ufunguo uko juu ya kabati kwa ajili ya usalama. Soma 1886 mpaka 1940. Baada ya hapo hakuna cha maana.

Na uache kuandika sentensi ya kwanza. Andika ya pili.

Shangazi yako,
Lavina


Talbert
Siku ya 6, Mwezi wa Nne, 1986

Shangazi,

Baba amepata barua yako, akaisoma akiwa amesimama, akairudisha ngazi kwa jirani. Mama anakushukuru. Malimau ya mti wetu yamechanua na mji mzima uliobaki unanukia mkate na lami, lakini nyuma ya nyumba ungefumba macho.

Ushauri wako umefanya kazi. Ninazo kurasa tano. Nimeandika kuhusu nyumba za wanajeshi waliorudi vitani, zile zilizoota juu ya mashamba kwa miaka mitatu, zote na mlango upande wa kushoto. Nimeandika kuhusu Barabara ya Penn siku ya Ijumaa jioni, vijana wanapopita polepole na magari waliyoyashusha mpaka matumbo yanakaribia kugusa lami, na mabibi wanaotoa viti nje kuwatazama na kuwapa alama. Bi. Trujillo alicheka peke yake chumbani kwake, kisha akatoka na uso mkavu, akasema nimesahau koma.

Sasa nina jambo. Uliniambia niishie 1940. Unanijua, siwezi kuacha kitabu katikati. Mwandiko wako unaanza 1943, ulipokuwa karani. Katika mkutano wa mwezi wa Nne, 1947, mwandiko unabadilika kwa ukurasa mmoja, wa mtu mwingine, na umeandikwa hivi:

"Lavina Mendenhall na Basilio Rueda wameleta barua kuomba kuoana chini ya uangalizi wa mkutano huu. Orval Hinshaw ameomba mwezi mmoja. Jambo limeahirishwa."

Mwezi uliofuata hakuna kitu. Ni paa la nyumba ya mkutano na nani atafagia. Nimesoma hadi 1960. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba jambo limekataliwa, wala limeondolewa. Nawe unajua utaratibu wetu kuliko mimi: jambo lililoahirishwa liko mezani mpaka mkutano uliondoe.

Basilio Rueda huniuzia mkate kila asubuhi. Siku zote huniuliza, "Shangazi yako wa theluji hajambo?" Nilidhani ni adabu tu.

Kama nimevuka mpaka, nisamehe. Nililelewa kutouliza. Lakini nauliza.

Ansel


Iowa
Siku ya 20, Mwezi wa Nne, 1986

Ansel mwanangu,

Theluji imeyeyuka na nimepanda njegere. Jirani yangu amenunua mbwa anayebweka kwa zamu, saa nzima kisha anapumzika. Nafurahi Baba yako ameirudisha ngazi.

Zile nyumba za wanajeshi hazikuwa zote na mlango upande wa kushoto. Mtaa wa Gurney ilikuwa kulia, kwa sababu fundi alishika ramani kinyume. Rekebisha, la sivyo mtaa mzima utakuja dirishani kwako.

Usisahau chuo, na hospitali, na wachuma malimau. Kambi yao ilikuwa nyuma ya ghala la kufungashia matunda, nyumba arobaini na bomba moja la maji. Marafiki tulisema mbele ya Mungu watu wote ni sawa, na hatukuwahi kuwauliza bomba moja linawatoshaje. Hilo liandike kwanza.

Shangazi yako,
Lavina


Talbert
Siku ya 18, Mwezi wa Tano, 1986

Shangazi,

Mtaa wa Gurney nimeurekebisha. Bomba nimeliandika. Bi. Trujillo alilisoma, akasema mama yake aliteka maji hapo, kisha akaniambia hakuna mtu atakayeligusa hilo.

Ulinijibu yote isipokuwa moja, nami ningenyamaza. Lakini wiki iliyopita nilimpelekea Mzee Orval Hinshaw kurasa zangu azikague, maana ana miaka tisini na moja na hakuna mwingine anayekumbuka. Alipomaliza kusoma alisema ni za kweli ingawa zina vicheko vingi. Nilikuwa nimekwisha kushika kofia. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilimuuliza, mwaka 1947 alitakia nini mwezi mmoja.

Aliniambia niweke kofia chini. Kisha akanieleza. Alisema kila mtu katika mkutano ule alikuwa radhi, lakini hakuna aliyekuwa amemuuliza mama yake Basilio, Bi. Eulalia, ambaye alikuwa Mkatoliki na alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Mzee Orval aliona si haki kumchukulia mtu mwanawe bila kumwomba kwa lugha yake. Naye hakujua hata neno moja la Kihispania. Akaomba mwezi mmoja ajifunze.

Shangazi, alijifunza. Kila jioni alikaa ghalani na msimamizi wa wachumaji. Wiki ya tatu alivaa koti, akaenda kambini, akamwambia Bi. Eulalia sentensi aliyoitayarisha: "Mama, mwanao ni mtu mwema, tunaomba awe wetu na binti yetu awe wako." Bibi alimsahihisha mara tatu. Kisha akacheka mpaka akakaa chini, akampa tamale mbili za unga wa mahindi, akasema ndiyo.

Alirudi mkutanoni na jibu hilo mfukoni, kumbe wewe ulikuwa umepanda treni siku kumi na moja kabla. Na Basilio alikuwa amekwenda Fresno kufanya kazi kwenye mashamba ya zabibu. Nilimuuliza kwa nini hakuwaandikia. Akasema, "Nilidhani wamebadili nia. Kumfuata mtu na kumwuliza kwa nini amebadili nia ni ufidhuli."

Nakuandikia hili kwa sababu nadhani hukulijua.

Ansel


Talbert
Siku ya 29, Mwezi wa Sita, 1986

Shangazi,

Sisi wazima. Wiki sita zimepita bila barua yako na nimejilaumu vya kutosha. Baba ameuliza mara mbili kama kuna barua kutoka Iowa, nami nikamwambia posta ina matatizo, ambayo ni uongo wangu wa kwanza tangu shule ya msingi. Kama nimekuumiza, niandikie hivyo tu, mstari mmoja.

Ansel


Iowa
Siku ya 6, Mwezi wa Saba, 1986

Ansel,

Posta haina tatizo. Mwambie Baba yako kweli.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikaa kwenye benchi la mbele, Orval akasimama, akaomba mwezi, na hakuna hata mtu mmoja aliyenitazama. Nilikisikia kile kimya kama kufuli. Nilikua ndani ya kimya cha watu wale, Ansel, nilikiandika kitabuni kwa miaka minne, na siku ile sikujua kukisoma.

Sikumuaga Basilio. Hilo sitalizungumza kwenye karatasi.

Je, goti lake la kushoto bado linamsumbua mvua ikinyesha?

Lavina


Talbert
Siku ya 27, Mwezi wa Saba, 1986

Shangazi mpendwa,

Baba nimemwambia kweli, yote. Alikaa kwenye ngazi ya baraza akasema, "Miaka thelathini na tisa nilidhani alichukia malimau." Kisha akaingia ndani kwa muda.

Goti linamsumbua. Ni la kulia sasa, amesema la kushoto limechoka kulalamika.

Nikuambie ilivyokuwa. Nilikwenda kwenye duka lake la mkate Jumanne, nikampisha kila mteja, hata walioingia baada yangu. Binti yake Chayo, ndiye anayekaa kwenye kaunta tangu mama yao afariki miaka minane iliyopita, akaniuliza kama nimekuja kununua au kukagua jengo. Nikasema nataka kuzungumza na baba yake. Akaita nyuma, "Papá, mtu wa manispaa amekuja, ana sura ya kufunga duka."

Basilio akatoka na unga mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa nimenakili ule ukurasa wa kitabu kwa mkono. Nilimpa. Akausoma, akaufuta unga uliomwangukia, akausoma tena. Nikamweleza ya Mzee Orval na mama yake na zile tamale.

Aliniambia aliporudi kutoka Fresno mama yake alimwambia kuna Mkweka alikuja akasema maneno ya kuchekesha, na yeye akadhani alikuja kuomba radhi kwa kukataliwa kwake. Hakumuuliza zaidi, maana alikuwa na hasira. Baadaye alimwoa Amparo, na alimpenda, na alitaka ulijue hilo.

Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo hawakukataa?"

Nikamwambia hawakukataa. Nikamwambia kwa utaratibu wetu jambo liko wazi mpaka leo.

Akakaa juu ya gunia la unga. Chayo alikuwa amesikia yote, hajifichi. Alisema, "Papá, watu hawa wana foleni ndefu kuliko ya kwetu." Akacheka yeye, nikacheka mimi, na baba yake akacheka huku anafuta macho kwa aproni, akazidi kujipaka unga.

Bahasha iliyo ndani ni yake. Sikuisoma. Aliniuliza jinsi ya kuandika neno moja na sitakuambia ni lipi.

Ansel


Iowa
Siku ya 17, Mwezi wa Nane, 1986

Ansel mwanangu,

Njegere zimekwisha, nyanya zimenizidi. Nimempa jirani ndoo mbili na mbwa wake amenisamehe.

Nimeipata bahasha. Nimemjibu mwenyewe, mara tatu hadi sasa, kwa hiyo usijitie utarishi. Simu nayo imelia Jumapili mbili. Haya mengine ni yetu.

Lakini kuna jambo ambalo mimi na Basilio tumekubaliana haliwezi kufanywa na sisi. Hatutaki kwenda ofisini kwenu kupigiwa muhuri kama leseni ya mbwa. Tulileta barua mbele ya mkutano na tunataka jibu la mkutano. Orval ana miaka tisini na moja. Kama ni kuulizwa, aulizwe akiwepo. Mtu fulani inabidi asimame aseme jambo hili lirudishwe mezani. Mimi niko mbali, na Basilio si wa mkutano. Baba yako akisimama atalia.

Najua hujawahi kufungua mdomo katika mkutano tangu ulipozaliwa. Unaweza kukataa na sitakutazama tofauti.

Lavina


Talbert
Siku ya 14, Mwezi wa Tisa, 1986

Shangazi mpendwa,

Nimerudi kutoka mkutanoni saa hii, sijavua hata viatu. Mama amekaa mbele yangu ananiambia niandike haraka na nisisahau kusema kwamba alivaa ile shali uliyomtumia.

Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye kadi. Nilipokaa niligundua kadi ni ya manispaa, upande wa pili una ratiba ya kuzoa takataka. Karani wa mkutano, Mama Thelma, akauliza kama kuna jambo la zamani lililobaki. Huuliza kila mwezi na kila mwezi hakuna. Nilisimama. Watu waligeuka. Mzee Orval aliweka mkono nyuma ya sikio.

Nilisema kuna jambo la mwezi wa Nne, 1947. Nikasoma ukurasa ule. Nikasema waombaji wote wawili wako hai na bado wanaomba. Nikakaa. Nadhani nilisoma pia kwamba Jumatano ni siku ya karatasi na chupa, kwa maana Baba anaapa nilisoma, na unajua hatuapi.

Kimya kikaanguka.

Shangazi, nataka ukijue jinsi kilivyokuwa, kwa sababu nilikisikiliza kwa ajili yako. Basilio alikuwa kwenye benchi la nyuma na binti zake watatu, wamevaa kama siku ya ubatizo. Hakuna aliyewatazama, na sasa najua kwa nini. Wazee wetu wanapotaka kukuonea huruma huangalia viatu vyao. Chumba kizima kilikuwa kinaangalia viatu vyake. Wanawake wawili walikuwa wanatabasamu kwenye viatu. Dakika ishirini zilipita hivyo, nikahisi badala ya kufuli, pumzi ya watu arobaini.

Kisha Mzee Orval akainuka. Alihitaji mabenchi mawili kuinuka na hakutaka kushikwa. Hakuzungumza na Mama Thelma. Aligeuka nyuma kabisa, akamtazama Basilio, akaisema ile sentensi aliyomwambia mama yake Basilio, yote, kwa Kihispania. Chayo anasema ilikuwa na makosa yaleyale matatu. Akamalizia kwa lugha yetu: "Niliomba mwezi mmoja. Nimeuchukua mrefu. Niko radhi."

Mama Thelma akauliza kama mkutano uko radhi. Tukajibu sote, na Wakatoliki wanne wa benchi la nyuma wakajibu pia, kwa sauti kubwa kutuzidi, ingawa hawakutakiwa. Imeandikwa kitabuni. Mwandiko ni wangu, niliombwa niandike, na si mzuri kama wako.

Baba alilia hata hivyo.

Ni Jumatatu jioni sasa, naongeza: kijitabu kilikuwa kimekwenda kwa mpiga chapa Ijumaa. Bi. Trujillo aliposikia habari hizi alipiga simu kiwandani, akawaambia wasimamishe mashine, akanirudishia ukurasa wa nane. Anataka sentensi moja zaidi. Nimeiandika mara moja tu, Shangazi, nayo imepita: "Watu wa Talbert huchelewa kukubaliana, lakini hawafungi mlango."

Sema utakuja lini.

Mpwa wako,
Ansel


Iowa
Siku ya 21, Mwezi wa Tisa, 1986

Ansel mwanangu,

Nyumba nimempangisha jirani mwenye mbwa. Vitabu vyangu vinakuja kwa lori, mimi nakuja kwa treni. Nitashuka kituo cha Fullerton Ijumaa, siku ya 3 ya mwezi wa Kumi, asubuhi. Njoo wewe na Baba yako. Mwambie ale kwanza, hulia zaidi akiwa na njaa. Mama yako avae shali.

Orval nimemwandikia. Barua ina maneno manne na yanamtosha.

Sasa sikiliza vizuri, maana hili ndilo ombi langu la mwisho na halihitaji mkutano. Usimlete Basilio kituoni. Mwambie treni yangu inafika jioni. Huo utakuwa uongo wako wa pili, nami nitaubeba. Mtanishusha kwenye kona ya Barabara ya Penn, mtabaki ndani ya gari, wote wawili, madirisha juu. Nitaingia dukani mwenyewe. Nitasimama kwenye foleni nyuma ya yeyote atakayekuwepo, na zamu yangu ikifika nitaagiza mkate.

Lavina